Anti, nataka nibaki Guangzhou niutembee mji lakini kiongozi wetu wa safari anataka kukaa na paspoti yangu

Anti shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 36, nauza mapazia na mashuka Kariakoo, kwetu Tanga ila Dar nimeshakaa muda mrefu. Naomba mawazo yako maana kila ninayemuuliza huku ananitisha tu.

Miaka yote mzigo wangu nimekuwa nikiagiza kupitia kwa mtu, natuma hela natuma na picha ya kitu ninachotaka halafu nasubiri, na mara nyingi kinachokuja sicho, rangi imepishana, au kitambaa kwenye picha kizito kikifika unaona mpaka upande wa pili. Mwaka huu nikasema basi naenda mwenyewe nikashike kwa mikono yangu. Viza nimepata, ya kuingia mara moja na kukaa siku 30. Naenda Guangzhou na kundi la akinamama wafanyabiashara, anatuongoza dada mmoja ambaye kazi yake ndiyo hiyo ya kupeleka watu, tunaondoka mwezi wa kumi ukishapita nusu.

Sasa Anti tulikuwa na kikao, huyo dada akatupa utaratibu. Tukifika ni hoteli, soko, hoteli, soko, tukifunga mzigo tunapanda ndege. Hakuna mtu kutoka peke yake. Na paspoti zote tukishatoka uwanja wa ndege anazikusanya yeye, anakaa nazo mpaka siku ya kurudi, anasema watu huwa wanazipoteza. Mimi nikanyoosha mkono nikamuuliza kama naweza kubaki siku chache baada ya wenzangu kuondoka ili nione mji, akanijibu mbele ya watu wote, "Umekuja kutafuta hela au kutalii? Wenzako wana mikopo hapa." Watu wakacheka. Nikanyamaza ila moyoni haijatoka.

Nikwambie ukweli Anti, mimi katika maisha yangu sijawahi kusafiri bila msiba, harusi au mzigo. Usiku watoto wakilala huwa naangalia video za ule mji, lile ghorofa refu jembamba linalobadilika rangi, mto na boti zinapita chini ya madaraja, watu wazima wanacheza ngoma bustanini asubuhi, na nasema hivi kweli nifike mpaka pale nione ndani ya maduka tu nirudi? Hela ya vikoba sigusi, hii ya kubakia nimeiweka pembeni mwenyewe, siyo nyingi lakini ipo.

Mama yangu anasema nikitembea peke yangu watanichukua figo. Mume wangu hajakataa ila anauliza nitalala wapi na nikipotea nitauliza njia kwa lugha gani, na mimi Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Halafu mimi Muislamu, nasikia kule nguruwe yupo kwenye kila kitu. Na mwenzangu mmoja kwenye kundi ananishawishi tukiwa na siku za ziada tupande treni twende Hong Kong asubuhi turudi jioni, anasema ni karibu.

Je nibaki au niachane nayo? Na hili la paspoti nifanyeje bila kugombana na huyu dada, maana soko analijua yeye.

Mama wa Mapazia, Dar es Salaam

---

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na paspoti kwa sababu hiyo ndiyo imenikaa vibaya kuliko yote. Usimpe. Sisemi huyo dada ana nia mbaya, inawezekana kabisa alishawahi kuhangaika na mtu aliyepoteza na sasa anajikinga, lakini sheria ya China inataka mgeni yeyote aliyefikisha miaka 16 atembee na paspoti yake, na polisi ana haki ya kukuomba. Na mitaa mtakayofikia nyie ndiyo mitaa ambayo polisi huwa wanakagua watu weusi, Xiaobei na Sanyuanli, unaweza kuwa unavuka barabara kununua maji ukasimamishwa, sasa umwambie nini, paspoti ipo kwa dada ghorofa ya saba? Unaweza ukapelekwa kituoni kwa hilo tu wakati huna kosa lingine lolote.

Halafu kuna jambo ambalo mtu hajui mpaka afike. Kule paspoti ndiyo kitambulisho chako kwa kila kitu. Kununua laini ya simu ni paspoti, tiketi ya treni ya mwendokasi inakatwa kwa namba ya paspoti na unaingia nayo getini, makumbusho mengi unajiandikisha kwa paspoti, hoteli ndiyo kabisa, ukifika mapokezi wanaiskani wanakuandikisha polisi hapohapo. Kwa hiyo mtu aliyeshika paspoti yako ameshika na miguu yako, hata hoteli ukiichukia huwezi kuhamia ya jirani.

Namna ya kumwambia bila ugomvi, mfuate peke yake, usirudie kikaoni mbele za watu. Mwambie dada nashukuru kwa kutujali ila mume wangu amesema paspoti nisiiachie, na sheria yao inataka niwe nayo, nakupa kopi mbili na picha kwenye simu ukae nazo wewe. Mtu anayefanya kazi hiyo kwa haki atakubali. Akikataa kabisa, akasema paspoti au hakuna safari, basi mdogo wangu tafuta kundi lingine, watu wanaopeleka wafanyabiashara Guangzhou siyo yeye peke yake na ndege ya Air Tanzania kwenda kule ipo. Soko unaloliogopa kwamba analijua yeye tu, wewe wa mapazia kubwa lako ni lile la vitambaa la Zhongda, lipo laini ya 8 ya metro, unashuka kituo cha Zhongda au Lujiang, na humo ndani watu wanaongea kwa kalkuleta, anaandika bei unafuta unaandika yako. Kitambaa utakishika kwa mkono kama ulivyotaka, chukua kipande cha sampuli, kiandike tarehe na namba ya duka, mzigo ukija kufungwa ulinganishe. Hayo nimesema kwa kifupi maana hukuniuliza biashara.

Swali lako la pili, ubaki au usibaki. Baki. Nimekwenda na kurudi Guangzhou kwa mzigo kwa muda mrefu na nimewaona akinamama wengi sana wanaijua Xiaobei tu, wanajua ngazi za Tianxiu, lile jengo la maduka, na duka la chakula la chini, wanarudi nyumbani wanasema China nimeifahamu. Mji una watu zaidi ya milioni 18 kwa sensa yao ya 2020, una historia ya zaidi ya miaka elfu mbili, na mtu ameona korido mbili. Inaniuma kweli. Hela umetafuta mwenyewe, mikopo ya wenzako haihusiani na siku zako, na hakuna mahali imeandikwa kwamba mwanamke mfanyabiashara akiangalia mto amepoteza mtaji.

Ila ubaki kwa mpango. Kwanza tiketi, kabla hajaikata mwambie unataka tarehe yako ya kurudi iwe ya mbele, maana tiketi za kundi zikishakatwa kubadilisha tarehe inaweza kugharimu kuliko hoteli yenyewe. Pili zile siku 30 za viza zinahesabiwa ukiwa ndani, usivuke hata moja, faini ni yuani 500 kwa siku mpaka elfu kumi na jina lako linaingia kwenye rekodi ya viza inayofuata. Tatu mwezi wa kumi ukishafika nusu ndiyo maonyesho makubwa ya biashara, Canton Fair, yapo tangu 1957 na yanafanyika mara mbili kwa mwaka, watu wanatoka dunia nzima na vyumba vinapanda bei vibaya, kwa hiyo chumba cha siku zako za ziada kiweke mapema ukiwa Dar, na kabla ya kulipa waulize wanapokea wageni wa nje, maana zipo hoteli ndogo ukifika na begi lako wanakwambia hawapokei. Ukialikwa kulala kwa Mtanzania mwenzetu anayeishi kule ni sawa ila lazima mwende naye kituo cha polisi kukuandikisha ndani ya masaa 24, asikwambie haina shida, ina shida.

Hong Kong usiende. Treni kweli ni kama saa moja tu na mwenzako hajasema uongo, lakini ukivuka kwenda Hong Kong au Macau unahesabika umetoka China, na viza yako ni ya kuingia mara moja, utakwama upande wa pili na mabegi yako yapo hotelini Guangzhou. Mwambie na yeye tafadhali. Mkitaka treni ya mwendokasi kuionja nendeni Shenzhen, hiyo ni China ileile mnarudi jioni bila wasiwasi.

Sasa mama na figo. Usimcheke, anaongea kwa uchungu wa mzazi, na hizi habari zinazunguka kwenye magrupu kila siku. Mwambie hivi, ule mji una kamera kila kona, usiku saa nne utakuta wanawake wanatembea peke yao na simu mkononi, watoto wanacheza kwenye viwanja vya wazi. Kitu cha kujilinda nacho ni cha kawaida, vibaka wa simu kwenye msongamano wa masoko na maeneo ya stesheni kuu ya treni, na madereva wanaokufuata uwanja wa ndege wanakwambia teksi teksi, hao waache. Namba ya polisi ni 110, gari la wagonjwa 120.

Sitaki nikupambie lakini. Kuna watu watakutazama sana, wengine watakupiga picha bila kuomba, kuna teksi itapunguza mwendo ikikuona vizuri itaondoka. Na usisahau mwezi wa nne 2020, wakati wa korona, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na mahoteli wakalala nje mpaka serikali za Afrika zikalalamika rasmi. Waliokuwepo wakati ule hawajasahau na sioni kwa nini wasahau. Wewe utakutana pia na bibi atakayekushika mkono akuvushe barabara bila kukuelewa neno hata moja, na yule pia ni wa mji uleule. Nenda ukijua yote mawili.

Swali la mumeo la lugha, jibu lake lipo kwenye simu na simu inaandaliwa Dar, siyo kule. Ukiingia kwenye laini ya kichina au waifai ya hoteli, WhatsApp haifunguki, Instagram haifunguki, YouTube, Facebook, Google na ramani zake zote hazifunguki. Laini yako ya Tanzania ikiwa na bando la romingi zinafunguka kawaida, kwa hiyo nenda ofisi ya mtandao wako uliza bando la China, na usiitoe hiyo laini kwenye simu kwa sababu ndiyo benki inatuma zile namba za siri. Weka WeChat kwako na kwa mumeo kabla hujaondoka, mpige simu moja ya majaribio mkiwa wote sebuleni, ili siku WhatsApp ikigoma asikae macho usiku kucha anafikiria mabaya. Na akumbuke kule mko mbele masaa matano, akipiga saa tatu usiku wewe ni saa nane usiku.

Malipo, weka Alipay, ijaze kwa paspoti yako, unganisha na kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard, na uiambie benki kwamba unaenda China isije ikaifunga. Kila kitu kule ni kuskani, mpaka mama anayeuza viazi vitamu vya kuchoma ana karatasi yake ya kuskani imening'inia kwenye mkokoteni. Malipo yasiyozidi yuani 200 hukatwi kitu, yakizidi hapo kuna makato ya asilimia 3, kwa hiyo mzigo usilipie hivyo, tumia kwa matembezi. Humohumo ndani ya Alipay kuna DiDi ya kuita gari, inaonyesha bei kabla na dereva anajua unakokwenda bila nyie kuongea, kuna tiketi ya metro, na kuna mtafsiri unaongea Kiingereza chako hichohicho cha maji na yeye anasoma kichina. Noti ndogondogo kaa nazo pia kwa siku simu ikizima. Ramani tumia Amap, sasa hivi ina Kiingereza. Na mapokezi waombe kadi ya hoteli yenye anwani ya kichina, iweke kwenye pochi pamoja na paspoti, chaji ikiisha unamuonyesha dereva yeyote umefika.

Haya tutembee sasa.

Metro ndiyo miguu yako, nauli inaanzia yuani 2, haifiki hata elfu moja ya kwetu. Mlangoni begi linapita kwenye mashine kila unapoingia, usishangae na usione wamekuchagua wewe, ni kila mtu. Vituo vimeandikwa kwa herufi zetu pia na vinatangazwa kwa Kiingereza. Kitu kimoja cha kushika, kila kituo kina milango mingi ya kutokea, A, B, C, D na kuendelea, ukitoka mlango usio wako unaweza kujikuta upande mwingine wa barabara ya njia nane, kwa hiyo angalia herufi kwenye ramani kabla hujapanda ngazi. Na laini ya 3 asubuhi watu wakienda kazini na jioni wakitoka usiipande kama una haraka wala kama huna.

Siku yako ya kwanza ipe laini ya 1, maana mji wa zamani wote umekaa juu yake kituo baada ya kituo. Shuka Ximenkou utembee mpaka barabara ya Guangta. Hapa nitakaa kidogo maana wewe ni mtu wa Tanga na hii inakuhusu. Kuna msikiti pale unaitwa Huaisheng, ni katika misikiti mikongwe kabisa ya China, una mnara mweupe wa mviringo wa mita 36 hivi, umepanda juu umenyooka hauna nakshi. Masimulizi ya Waislamu wa kule yanasema uliasisiwa na Saad bin Abi Waqqas sahaba wa Mtume, na kaburi linaloheshimiwa kama lake lipo mjini humohumo karibu na bustani ya Yuexiu. Wanahistoria wengi wanasema Saad alizikwa Madina, na mimi siingii kwenye mjadala huo, ninachokwambia ni kwamba mtaa ule zaidi ya miaka elfu moja iliyopita ulikuwa mtaa wa wageni, Waarabu na Waajemi waliokuja kwa majahazi kufuata hariri na vyombo vya kaure, na ule mnara ulikuwa unaangaza wenye vyombo mtoni wakati mto ulikuwa karibu zaidi na pale. Vile vigae vya kaure ya China vinavyookotwa Kilwa kwenye magofu na Gedi kule Kenya vilipita kwenye mikono ya watu wa biashara hiyohiyo. Sisi wa pwani tunaenda Guangzhou kufuata bidhaa tukidhani ni jambo la juzi. Simama pale chini ya mnara, mdogo wangu, halafu uniambie kama huyo dada alikuwa na haki ya kukufanya uchekwe na watu.

Ukitoka hapo kwa miguu kuelekea mashariki unafika barabara ya Beijing, ni ya kutembea tu haina magari, na katikati wameweka vioo chini unaona barabara za zamani zilizochimbuliwa, tabaka moja juu ya lingine, watu wanakula aiskrimu wanapita juu yake. Rudi kwenye metro shuka Chenjiaci, kuna jengo la ukoo wa akina Chen lililokamilika 1894, angalia juu, paa zima limejaa sanamu za udongo na kaure, watu, ndege, maua, michezo ya kuigiza, shingo itauma na hutataka kuondoka. Mbele yake Changshou Lu ni vichochoro na nyumba za zamani zenye baraza za kupita chini jua likiwa kali. Malizia Huangsha, vuka kidaraja kuingia Shamian, kisiwa kidogo ambacho Waingereza na Wafaransa walijitengea karne ya 19 baada ya vita vya kasumba, yaani afyuni, majengo ya kizungu yamebaki na miti mikubwa ya kivuli, utakuta mabibi harusi wanapigwa picha kila baada ya hatua kumi. Pale kaa. Nunua maji, vua viatu, angalia watu.

Asubuhi ya siku nyingine amka mapema uende bustani ya Yuexiu, laini ya 2, kuingia ni bure. Wale wazee uliowaona kwenye video wanacheza ndio hao, wengine wanarusha vishada vya manyoya kwa miguu kama watoto, na wakikukaribisha ingia usiogope, hawaangalii nani anajua. Humo kuna sanamu ya mbuzi watano ambao ndio alama ya mji, hadithi yao ni ya wazee watano wa mbinguni walioshuka na mbuzi na masuke ya mpunga mdomoni wakauombea mji usione njaa. Hakikisha Ijumaa mojawapo inaangukia kwenye siku zako, msikiti wa pale kwenye lile kaburi linaloitwa la Saad siku ya Ijumaa unajaa watu wa kila rangi, Wasomali, Waarabu, Waafrika wa magharibi, Wachina wenyewe, na nje kunakuwa na kama soko la chakula, nyama za kuchoma na mikate.

Nguruwe ni kweli yupo sana, na mafuta yake yanaingia hata kwenye vitu usivyodhani, vile vitumbua vyao vya mvuke vyenye kamba ndani vinaonekana salama na mara nyingi vina mafuta ya nguruwe, mboga pia wanakaangia. Wewe tafuta mabango ya kijani au yenye maandishi ya Kiarabu, halali kwa kichina imeandikwa 清真, piga picha hayo maandishi uyaweke kwenye simu uyaonyeshe. Kuna vimgahawa vya tambi za Lanzhou karibu kila mtaa, wenyewe Waislamu kutoka kaskazini magharibi, mwanamme kavaa kofia nyeupe anavuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi mbele yako, mchuzi wa ng'ombe, bei ndogo unashiba. Xiaobei nako halali ipo tele.

Lile ghorofa la kwenye video ndiyo Canton Tower, mita 600, lilifunguliwa 2010 mwaka ambao mji uliandaa michezo ya Asia. Kupanda juu tiketi siyo ya bei rahisi, na mimi naona uzuri wake unauona ukiwa chini upande wa pili wa mto. Nenda jioni jua halijazama uwanja wa Huacheng, huko ndiko Zhujiang New Town, maghorofa mapya, makumbusho ya mkoa yapo hapo na jumba la opera alilolichora Zaha Hadid, mwanamke msanifu majengo mzaliwa wa Baghdad, linafanana na mawe mawili yaliyolainishwa na maji. Tembea taratibu kuelekea mtoni huku taa zinawaka. Boti za usiku zinaondokea gati la Tianzi na la Dashatou, hela ya kupanda mnara mimi ningeiweka kwenye boti, unapita chini ya madaraja yale yale uliyokuwa unayaangalia watoto wamelala. Usichelewe sana, taa hazikeshi na metro nayo inafunga usiku.

Beba tishu kila siku maana vyoo vya nje vingi havina, beba adapta maana plagi zao siyo kama zetu, na viatu vaa ulivyokwishavizoea, vipya viache begini.

Na siku ya kurudi angalia tiketi imeandika terminali namba ngapi, uwanja wa Baiyun ni mkubwa na kila terminali ina sehemu yake ya kushukia, ukiwa na mabegi makubwa usipande metro, ita DiDi mapema, na paspoti iwe mkononi mwako.